Mabegi Kwenye Milango ya Uzimani

Wanaotaka habari za milima tuliyoipanda na matairi tuliyoyaziba wamuulize kaka yangu Masalu, maana yeye hachoki kuzisimulia. Mimi naanzia pale tulipoingia Uzimani. Wengi wameniuliza kama ni kweli iliwahi kuwapo nchi isiyo na mgonjwa hata mmoja. Nami huwajibu kwamba ilikuwapo, nimelala humo, nimekula chakula chao, na nilikuwapo siku wagonjwa walipopatikana.

Tulikuwa wanne juu ya baiskeli tatu. Mbele alikwenda Masalu, na nyuma yake kwenye keria, juu ya mto alioshonewa na mama yake, alikaa binti yake Limi, mwenye miaka kumi na miwili na kibuyu cha maji mapajani. Akafuata wifi yangu Milembe, mama yake Limi, ambaye huendesha baiskeli kama anawahi mnada. Wa mwisho nilikuwa mimi, Holo, shangazi mtu, ambaye mwili wangu haujawahi kuelewana na kiti chochote cha baiskeli. Migongoni tulivaa fulana nyeupe zenye neno moja kwa herufi kubwa: SELIMUNDU.

Huo ndio ugonjwa wa Limi. Chembe za damu hujikunja, hukwama kwenye mishipa, na mifupa humuuma mtoto mpaka analia bila sauti. Kabla yake Masalu na Milembe walikuwa na mwana, Sayi, akafa mdogo, na hakuna aliyejua jina la kilichomuua. Majirani walikuwa na majina yao. Walisema uchawi, wakasema laana, wengine wakamtazama wifi yangu kwa jicho ambalo sijawasamehe mpaka leo. Limi naye alipoanza kuvimba vidole, akapimwa damu, jina likajulikana, na pamoja na jina ikaja dawa. Basi tukapanda baiskeli, mji hadi mji, kulipeleka jina hilo kwa wenye watoto.

Mpakani mwa Uzimani afisa alichungulia dirishani akatuuliza kama tu wazima. Masalu akajibu kama tulivyolelewa: sisi wazima, ila huyu binti ameamka na maumivu kidogo ya mguu. Kwetu ndivyo mwenye adabu anavyojibu. Unaanza na uzima ili usimshtue mwenzio, kisha unaleta ile "ila", na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Afisa alifunga dirisha. Tukakaa juani. Akalifungua tena, akatutazama kama ndiyo kwanza tunafika, akauliza upya kama tu wazima. Milembe, ambaye ana akili ya haraka kuliko sisi wote na anajua hivyo, akasema, "Wazima," akafunga mdomo.

"Hapa kwetu salamu huishia hapo," afisa alisema kwa upole. "Kinachofuata ni kosa la jinai."

Baiskeli zetu zilimfurahisha, kwa kuwa Uzimani baiskeli ni alama ya afya na imechorwa hata kwenye stempu. Fulana alizisoma mara mbili. Lile neno halikuwahi kutamkwa nchini mwake, kwa hiyo hakujua kama limekatazwa, akatuagiza tukajieleze mbele ya Baraza la Uzima. Tukamshukuru, tukaingia.

Sina budi kusema kwamba mji wao ni mzuri. Barabara zimefagiwa, watu wanatembea vifua mbele, na kila pembe ina bango la mtu anayecheka kwa meno yote. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Milango mingi ilikuwa na begi la safari lililotundikwa kwenye msumari. Niliona mabegi ya ngozi, ya turubai, na ile mifuko mikubwa ya miraba tunayoiita shangazi kaja. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba begi mlangoni maana yake mmoja wa nyumba hiyo amesafiri. Nikaona wivu. Kwetu mtu akifika makao makuu ya mkoa anasimuliwa mwaka mzima, kumbe kuna watu wanasafiri namna hii.

Tulipangiwa kulala kwa Mama Tambo, mjane mwembamba mwenye mikono isiyotulia. Begi lake lilikuwa dogo, la shule. Alitupikia ugali na kisamvu, akatuambia kwamba mwanawe Tambo, wa miaka saba, amesafiri. Nilimuuliza amekwenda wapi, akasema mbali kidogo. Kisha nikamwona anapakua sahani moja zaidi, anaifunika, anaipeleka chumba cha ndani. Pazia liliporudi mahali pake tulisikia sauti nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno.

Limi aliacha kula. Mimi na wazazi wake tulikuwa bado tunatazamana, yeye alikuwa ameshajua.

"Huyo mifupa inamuuma," alisema.

Mama Tambo akasema kwamba mwaka huu mvua zimechelewa.

Hakuwa mkatili, na msomaji asimhukumu. Ilichukua muda na sufuria nzima ya chai kabla hajatueleza sheria yao, na hata hapo aliieleza akitazama dirisha. Katiba ya Uzimani, ibara yake ya kwanza, inasema kila mwananchi ni mzima. Kwa kuwa ni hivyo, mtu asiyeweza kuinuka kitandani haiwezekani awe mgonjwa, basi huhesabiwa kuwa amesafiri. Nyumba hutundika begi, pazia hushushwa, na majirani wakipita husema, "Akirudi mtusalimie." Akipata nafuu, hufanyiwa karamu ya kurudi, naye hulazimika kusimulia nchi alizoziona. Mama Tambo alisema wako watoto wanaosimulia vizuri sana habari za bahari, nao hawajawahi kuvuka kizingiti. Asipopata nafuu, begi huingizwa ndani, na watu husema amelowea huko huko.

"Wangu wa kwanza amelowea," alisema. "Wa kike. Alikuwa na miaka minne."

Alisema hivyo macho makavu, anakunja kanga iliyokuwa imekwisha kunjwa. Milembe aliinuka, akaenda akakaa karibu naye mpaka mabega yao yakagusana. Wifi yangu na mimi hutaniana tangu asubuhi mpaka tunalala, na watu wa kwetu hudhani hatupendani. Pale sikuwa na neno la utani hata moja.

Tambo alikuwa amelala juu ya jamvi, macho yake ya njano, vidole vimevimba. Limi aliketi chini kando yake, akamnywesha maji kidogo kidogo kutoka kwenye kibuyu, akamwekea kitambaa cha moto magotini kama anavyowekewa yeye. Mvulana alimtazama sana.

"Na wewe umesafiri?" akamuuliza.

"Mimi naumwa," Limi alisema. "Yangu na yako ni moja. Inaitwa selimundu."

"Kumbe ina jina."

"Ina jina. Tena dawa ipo, mimi nakunywa."

Tambo akauliza swali ambalo lilimtoa Masalu nje ya chumba akifuta machozi. Aliuliza kama hiyo maana yake hayuko peke yake.

Asubuhi Baraza lilituita, lakini kwanza tulitembezwa hospitali, maana hakuna mgeni anayeruhusiwa kuondoka Uzimani bila kuisifu. Ni jengo la fahari, juu ya mwinuko unaotazama soko. Daktari Mkuu, Bwana Nadhifu, mtu wa makamo mwenye nishani tatu kifuani, alitupitisha wodi moja baada ya nyingine. Vitanda vilikuwa vimetandikwa mashuka yaliyopigwa pasi mpaka yanang'aa. Hapakuwa na mtu juu ya kitanda chochote. Kila nishani, alitueleza, ilikuwa ya mwaka mzima bila shuka hata moja kukunjika. Kazi ya madaktari ilikuwa kuwapima wazima. Foleni yao ilizunguka jengo, na kila mmoja alitoka akiwa na furaha ya kuambiwa alichokuwa anakijua.

Milembe alimuuliza mgonjwa akija inakuwaje. Daktari akasema hajawahi kuja. Akiwahi kuja? Daktari akasema mlinzi wa getini huuliza kila mtu kama ni mzima, na asiye mzima hapiti, kwa hiyo swali hilo halina msingi. Alilijibu bila kuudhika, ila niliona anapiga piga shuka la kitanda kilichokuwa karibu ingawa halikuwa na kunyanzi.

Katika stoo ya dawa Limi alinivuta mkono. Kwenye rafu ya pili, nyuma ya kioo, yalikuwa yamepangwa makopo yale yale ya dawa yake, mapya, hayajafunguliwa, zawadi ya nchi rafiki. Kutoka rafu ile hadi jamvi la Tambo ni mwendo wa kumaliza kula muwa mmoja. Mtoto alikuwa anakauka ndani ya chumba kwa sababu dawa na ugonjwa havikuruhusiwa kukutana.

Baraza lilikutana katika ukumbi wenye picha za wananchi wanaoruka kamba. Hoja ilikuwa fulana zetu. Mjumbe wa kwanza alisema jina ndilo mlango wa ugonjwa. Ukoo wake haukuwahi kulisikia neno selimundu, na ni kweli haukuwahi kuugua selimundu, watoto wao walikuwa wanalowea tu. Alipigiwa makofi. Mjumbe wa pili, mtu wa takwimu, alisema tangu nchi iache kuhesabu wagonjwa idadi yao imeshuka mpaka sifuri, na hakuna jirani anayeweza kuonyesha hesabu safi namna hiyo. Wa tatu aliuliza kama baiskeli inabaki kuwa alama ya afya iwapo juu yake amekaa mtu asiyeafikiana na katiba. Hapo mjadala ukawa mrefu. Walibishana kama keria ni sehemu ya baiskeli au ni mzigo. Mwishowe walikubaliana kwamba mbele ya baiskeli ni afya na keria ni mzigo.

Spika akasoma uamuzi. Tunaruhusiwa kuendesha popote nchini, kwa masharti mawili. Fulana tuzigeuze ndani nje. Na binti atundikiwe begi, akae ndani mpaka tutakapoondoka.

Limi alisimama. Mguu ulikuwa bado unamuuma na alishika bega la baba yake.

"Mimi niko hapa," alisema. "Mnaniona."

Spika alimwambia kwa adabu kwamba hawamwoni. Masalu aliinuka, nami nikamdaka kwa nyuma ya shati, maana namjua kaka yangu tangu akiwa anagombana na mbuzi. Ningemwachia pengine tungemalizia safari gerezani.

Aliyetuokoa ni Waziri wa Uzima, Mheshimiwa Sitawi, nami nataka aeleweke. Alikuwa kijana, aliyezaliwa baada ya ile katiba na kulelewa katika nyumba ya serikali. Wazee wa Baraza walijua begi mlangoni ni lugha ya kufunika kombe mwanaharamu apite. Yeye hakuambiwa kamwe. Alikuwa anaamini, kwa moyo safi kabisa, kwamba watu wake wanapenda kusafiri. Tulikuwa tumemsikia asubuhi hiyo akituhurumia kwamba nchi yetu haina wasafiri wengi kama yake.

Milembe alikuwa amelitambua hilo. Akainua mkono, akaomba ruhusa kuuliza jambo dogo lisilohusu fulana.

"Mheshimiwa, hao waliosafiri hawaoni hamu ya kwao? Sikukuu ya Uzima ni kesho kutwa. Sisi wageni tutaandamana na baiskeli zetu, halafu wenyewe wa nchi hawapo."

Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayeuliza bei ya nyanya. Waziri alilitafakari, na nikaona limemgusa kweli. Alisimama akasema ni aibu kwa taifa. Akatoa pendekezo kwamba siku ya Sikukuu wasafiri wote warudi nyumbani. Begi lolote lisionekane mlangoni. Kila nyumba itoke ikiwa kamili, kwa baiskeli au kwa chochote chenye magurudumu, na msafara uanzie sokoni upande hadi hospitali, ili dunia ione kwamba Uzimani hakuna anayekosekana.

Wazee walitazamana. Mmoja alikohoa. Hakuna aliyeweza kumwambia kijana yule wapi wasafiri walipo bila kutamka jambo ambalo wao wenyewe walilitungia kifungo. Pendekezo likapita bila kupingwa, likapigwa muhuri, na jioni wapiga mbiu walizunguka mji mzima.

Usidhani watu walifurahi. Mtaa ulijaa minong'ono. Amri ilisema mtoe aliye ndani, sheria ilisema aliye ndani hayupo, na atakayeonekana mgonjwa amevunja katiba. Mama Tambo alikaa kizingitini, begi la shule mapajani. Tambo alikuwa amezidiwa, pumzi yake fupi, na maji hayakupita tena vizuri. Mama yake alituambia kwamba akimtoa huenda wakamfunga yeye, na mtoto akabaki kwa nani? Asipomtoa, alijua kwa macho yake mwenyewe mambo huishia wapi. Masalu alijaribu kumhimiza kwa maneno mengi. Milembe akamnyamazisha mumewe, akamwambia Mama Tambo jambo moja tu: kwamba yeye alimfunika Sayi kwa shuka akingoja asubuhi, na kwamba asubuhi ilipofika ilimkuta Sayi hayupo. Kisha hatukumsemesha zaidi, maana mtoto alikuwa wake.

Siku ya Sikukuu tulifika sokoni mapema, fulana ndani nje kama tulivyoamriwa. Bendi ya tarumbeta ilikuwa imepangwa, Waziri amevaa joho, wazee wa Baraza wamekaa kivulini wanajipepea. Na uwanja ulikuwa mtupu. Jua lilipanda, Waziri akaanza kutazama pembe za mitaa, mpiga ngoma akakaa juu ya ngoma yake. Nilianza kupanga kichwani namna tutakavyoondoka, nami nakiri nilikuwa na hasira na watu wale wote.

Ndipo Mama Tambo alipotokea kwenye mtaa wa chini. Alikuwa anasukuma baiskeli ya marehemu mumewe, na Tambo yupo kwenye keria, amefungwa kwa kanga kiunoni asianguke, kichwa kimelala juu ya kiti cha baiskeli. Alikuja moja kwa moja mpaka katikati ya uwanja. Hakusalimia mtu.

Mlango mmoja ukafunguka, kisha mwingine. Walikuja juu ya keria, juu ya maguta ya magurudumu matatu, ndani ya matoroli yaliyotandikwa magodoro. Alikuja mzee anayetetemeka mikono, mwanamke aliyefungwa bendeji kifuani, kijana wa kifafa mwenye makovu ya moto usoni, na watoto wa macho ya njano, wengi, ambao mama zao walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta na kila mmoja alidhani ni wake tu. Niliwaona wanawake wawili wakisimama na baiskeli zao, wakitazama watoto wao, kisha wakitazamana. Walikuwa wameishi mtaa mmoja tangu waolewe. Mmoja alianza kulia, na mwenzake akamshika.

Waziri Sitawi alikuwa na hotuba. Aliinua karatasi, akasema, "Karibuni nyumbani, mliotoka safari," na hapo akawatazama kwa mara ya kwanza. Karatasi ikashuka. Alishuka jukwaani, akamwendea bibi mmoja aliyekuwa ndani ya toroli, miguu imevimba kama mihogo, akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, mmetoka nchi gani?"

"Tumetoka chumbani, mjukuu wangu," bibi alimjibu.

Sitausahau uso wa Waziri. Wazee kivulini waliacha kujipepea na mmoja aliagiza askari wasogee. Waziri alibaki amechuchumaa pale pale. Alipoinuka alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka kwetu, kwamba amri yenye muhuri inasema msafara unapanda hospitali, na hajaifuta. Akavua joho, akalitupa kwenye kiti, akashika mipini ya toroli la yule bibi.

Hakuna aliyeamuru bendi, lakini mpiga ngoma alianza, na tarumbeta zikamfuata. Limi alivua fulana aliyoivaa juu ya gauni lake, akaigeuza, akaivaa tena, neno likatoka nje. Sisi tukafanya vivyo hivyo palepale, mimi bila kujali nani anatazama shangazi wa watu akihangaika na fulana. Kisha Limi akamwambia baba yake ashuke. Alitaka kuendesha mwenyewe mpaka pale mwinuko unapoanza. Masalu alinitazama, nikamwambia amwache mtoto. Akaendesha polepole, mbele ya mji mzima, mguu unaouma ukikanyaga pedali, baba yake akikimbia kando na kibuyu cha maji. Mwinuko ulipoanza alisimama, akarudi kwenye keria bila kubembelezwa, maana anaujua mwili wake.

Nimepanda milima mingi katika safari ile, lakini kile kimlima cha hospitali ndicho ninachokikumbuka miguuni. Kila aliyekuwa na nguvu alisukuma asiyekuwa nayo. Kengele za baiskeli zililia zote kwa pamoja. Ile foleni ya wazima waliosubiri kuambiwa ni wazima ilivunjika, watu wakaja kusukuma maguta. Nilikuwa naimba. Sikujua nilikuwa naimba mpaka Milembe aliponiambia ninawaharibia tarumbeta. Askari getini waliona Waziri anakuja na toroli, wakafungua mageti yote mawili.

Mlangoni alisimama Daktari Nadhifu, mikono ameitanua.

"Mashuka yamepigwa pasi," alisema.

Mama Tambo alikuwa amemfungua mwanawe na kumbeba. Alipita chini ya mkono wa daktari, akaingia wodi ya kwanza, akamlaza Tambo kwenye kitanda cha kwanza, vumbi lake, jasho lake na yote. Shuka likakunjika. Daktari aligeuka, akakitazama kitanda kile kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha akasogea, akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mtoto.

"Anaumwa nini?" aliuliza.

Naamini hakuwahi kuuliza swali hilo tangu atoke chuoni. Mama Tambo alisimama wima.

"Selimundu," alisema. "Dada yake alikufa nayo."

Hakusema amelowea. Nyuma yake wanawake walianza kulirudia lile jina, mmoja kwa mwingine, kuelekea nje mpaka uwanjani. Daktari Nadhifu hakubishana tena. Aliomba maji ya dripu, akaomba oksijeni, akaikimbilia stoo mwenyewe, na nikasikia kioo cha kabati kikivunjika, kwa sababu ufunguo ulikuwa haujatumika mpaka hakuna aliyejua ulipo. Alikuwa daktari mzuri, mikono yake ilikumbuka kila kitu.

Kabla ya jioni vitanda vyote vilikuwa vimejaa, na waliobaki walilazwa sakafuni juu ya magodoro waliyokuja nayo. Baraza liliitisha kikao cha dharura. Wengine walitaka mji mzima ushtakiwe, mpaka ikabainika kwamba wajumbe kadhaa walikuwa na mama au watoto wodini. Yule mtu wa takwimu ndiye aliyepata njia. Alipendekeza eneo la hospitali litangazwe kuwa nchi ya kigeni, ili kila aliyelazwa humo awe bado amesafiri na katiba isiguswe. Pendekezo likapita kwa kura nyingi, Waziri Sitawi akipinga. Sheria hiyo ipo mpaka sasa, na ukienda Uzimani kumwona mgonjwa, kisheria unavuka mpaka. Watu hawakuijali. Walikuwa wanapeleka uji.

Tuliahirisha kuondoka kwa ajili ya Tambo. Kwa siku kadhaa hatukujua kama atapona. Limi alikaa naye, Mama Tambo akakaa, na mimi nilizunguka korido nikigombana na wauguzi bila sababu ya maana. Daktari alipita kila mara, nishani zake hazipo, macho mekundu, akasema tungoje. Sijui kungoja. Nilimwomba Mungu kwa namna ambayo mchungaji wetu asingeifurahia.

Asubuhi moja Mama Tambo alikuwa anampa uji kwa kijiko, kama alivyofanya kila siku, na kila siku uji ulikuwa unarudi. Safari hii ulimezwa. Akampa wa pili. Tambo akageuza uso, akakunja pua.

"Uji huu hauna sukari," alisema.

Mama Tambo aliweka bakuli chini taratibu. Alitoka nje ya wodi, akasimama katikati ya korido, na mwanamke yule ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alipaza.

"Mwanangu analalamika! Njooni mumsikie, analalamika!"

Vigelegele vilianzia kitanda cha mlangoni vikazunguka jengo lote. Wagonjwa waliinuka kwenye mito yao. Wanawake wenye watoto wa macho ya njano walikuja mbio, kila mmoja na pakiti, na kopo, na karatasi iliyofungwa, mpaka sukari iliyokuwa mezani ikawa nyingi kuliko uji.